Sheria ya Mshale Wima

Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Taadhima. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani waliagizwa waichore kubwa kuliko ilivyo, karatasi ikawaishia. Ni nchi ya raia wapole na viongozi wenye haraka, na ina kiwanda kimoja cha magari ambacho ni lazima nikisifu kwanza, kwa sababu huko mwandishi asiyeanza na sifa hufuatwa nyumbani kwake.

Kiwanda hicho kitukufu hakikutengeneza magari. Magari, yale mashangingi meusi yenye viti vya ngozi na baridi ya friji ndani, yalitoka ng'ambo yakiwa yamekamilika, hadi manukato yake. Kazi ya kiwanda ilikuwa kung'oa saa ya spidi ya kigeni iliyo mbele ya dereva na kupachika saa ya spidi ya kizalendo. Ikishapachikwa, nyuma ya gari hubandikwa kibao: "Limetengenezwa Taadhima." Bendi hupiga tarumbeta, waziri hukata utepe, na redio hutangaza kuwa taifa limepiga hatua nyingine katika teknolojia.

Aliyezichora saa hizo alikuwa Bi. Zamoyoni, Mkuu wa Idara ya Nyuso, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, aliyesomea kazi hiyo akaipenda. Na ili uelewe uzito wa kazi yake, inabidi nikueleze sheria.

Zamani Mwasisi wa Taifa alisimama barazani mwa ikulu akatamka, "Taadhima haiinami!" Ukweli ni kwamba alikuwa akimkaripia fundi aliyesimika mlingoti wa bendera ukapinda. Lakini kauli ya Mwasisi ni kauli, na wasomi wakaifanyia kazi. Ikagundulika kwamba ndani ya gari la kiongozi kuna kitu kinachoinama bila aibu mbele ya macho yake: mshale wa spidi. Bunge likapitisha Sheria ya Mshale Wima. Kuanzia siku hiyo, gari la mkubwa likiwa safarini, mshale sharti usimame katikati ya saa, ncha juu, kama askari wa gwaride. Ukilala kushoto, dereva ni mzembe. Ukilalia kulia, dereva ana siasa zake. Kwenye kiti cha nyuma, anapokaa mkubwa, ikafungwa saa ya pili yenye fremu ya dhahabu ili ajionee mwenyewe. Kila mara mkubwa huuliza, "Tuko wima?" na dereva hujibu, "Wima, Mheshimiwa." Gari linapoondoka, mshale ukiwa bado unajikongoja kuinuka, mawaziri hufumba macho kwa adabu.

Kwa hiyo katika nchi ile wakubwa hawakuendeshwa na trafiki wala vibao vya barabarani. Waliendeshwa na uso wa saa. Aliyeamua namba gani ikae pale juu, katikati, ndiye aliyeamua mwendo wa serikali nzima. Naye alikuwa Bi. Zamoyoni, na aliweka arobaini.

Hakuiokota hewani. Alipokuwa mgeni kazini alipewa dereva wa kujaribia magari, kijana mrefu asiye na maneno mengi aitwaye Shomvi. Uani mwa kiwanda wakawa wanasimamisha debe tupu, Zamoyoni akilificha nyuma ya ukuta na kulisukuma barabarani ghafla, Shomvi akikanyaga breki. Walianza na mia. Debe likageuka chapati. Wakashuka themanini, wakashuka sitini, na kila mara Shomvi alishuka garini akaokota bati lililopondeka kwa huruma, utadhani ni kuku wa mtu. Walipofika arobaini, gari lilisimama na debe likabaki wima likitetemeka. Shomvi alilibeba kwa mikono miwili akamletea Zamoyoni. Mwaka uliofuata walioana.

Basi arobaini ikapanda juu. Namba zenyewe Zamoyoni aliziandika kwa nakshi, ndogo ndogo, akijua wakubwa hawana muda wa kusoma. Na kweli hawakusoma. Walitazama mshale umesimama, wakanyoosha shingo, wakajiona wanapasua anga. Kwa miaka mingi serikali ya Taadhima ilikwenda mwendo wa arobaini bila kujijua, na kwa miaka hiyo hakuna mbuzi wala mtu aliyegongwa na gari la mkubwa. Shomvi alipandishwa cheo akawa dereva wa Waziri wa Haraka ya Taifa, Mheshimiwa Pazi Ungando, na kila jioni alirudi nyumbani na shati halina hata jasho.

Kilichoharibu mambo ni mkate.

Siku hiyo Mheshimiwa Pazi alikuwa anawahi kiwanja cha ndege kumpokea mgeni. Mshale umesimama, bendera inapepea, yeye mwenyewe anafanya mazoezi ya kutabasamu. Mara gari la mikate, lile dogo lililochakaa lenye mlango uliofungwa kwa kamba, likampita. Tena dereva wake, mtu wa watu, alipunga mkono.

Mgeni hakupokelewa. Waziri aligeuza gari, akajifungia ofisini, na mchana wake ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mkate. Mikate yote ya mjini ikakamatwa kwa mahojiano. Watu wakanywa chai na mihogo. Tume ilimhoji mwokaji, ikapima hamira, ikatuma ujumbe nchi tatu kujifunza uzoefu wa ngano. Ingeendelea hivyo hadi leo kama isingekuwa mjumbe mmoja, daktari wa macho aliyeteuliwa kwa kukosewa jina, ambaye aliingiza kichwa ndani ya gari la Waziri na kuisoma ile nakshi. Aliisoma mara mbili. Kisha akakaa chini kwenye lami.

Bi. Zamoyoni akaitwa.

"Mama," alisema Mheshimiwa Pazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "ni kweli kwamba serikali hii, serikali ya kasi, iliyoapa mbele ya umati kupaa, imekuwa ikitembea arobaini?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Kwa nini umetufanyia hivi?"

"Arobaini, Mheshimiwa, mtu akitokea mbele ghafla, gari linasimama kabla halijamfikia. Tulipima."

Wajumbe wakatazamana. Hoja ilikuwa ngeni.

"Mtu atatokeaje mbele ya Waziri?" aliuliza Mheshimiwa Pazi.

"Anaweza kuwa anavuka tu."

"Anavuka kwenda wapi?"

Bi. Zamoyoni akajibu kwamba watu huvuka kwenda kila mahali. Waziri akasimama. Alitoa hotuba ambayo baadaye ilichapishwa kwenye kanga. Alisema kwamba taifa haliwezi kuwa wima kwa arobaini, kwamba huko ni kulala kwa kusimama kama farasi, kwamba vizazi vijavyo vitauliza tulikuwa na haraka gani na sisi tutawaonyesha nini. Akaamuru pale juu ipande mia na arobaini, na barabara zote zikatangazwa kuwa barabara kuu, hata ile inayopita sokoni, ili asiwepo wa kulalamika kuhusu sehemu za makazi.

Ningependa sana kukuambia kwamba Zamoyoni alikataa. Nimejaribu kuiandika hivyo na imegoma. Alirudi mezani kwake akakaa, akafikiria kazi yake, akafikiria kazi ya Shomvi, akachukua brashi. Alichora uso mzuri kuliko nyuso zote alizowahi kuchora. Mikono yake haikujua kuchora vibaya, na hilo lilimuuma kuliko amri yenyewe.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Usiitazame ile saa. Tazama barabara."

"Nitaachaje, Zamo? Mkubwa ana ya kwake nyuma. Mshale ukianza kulala tu, anagonga kiti changu kwa fimbo."

"Basi acha kazi."

"Dereva wa Waziri wa Haraka haachi kazi. Yule wa Waziri wa Mifugo aliomba kuacha, wakamshtaki kwa kupunguza mwendo wa serikali."

Tangu siku hiyo Shomvi alirudi nyumbani shati limelowa. Akiandaliwa chakula alikishika kijiko kwa mikono yote miwili, kama usukani. Hakulalamika. Mara moja tu alisema, akiangalia ukutani, "Lile gari kimya sana ndani. Husikii kitu. Unaona watu kando ya barabara wanafungua midomo, hujui wanakupigia kelele au wanaimba." Zamoyoni alimshika bega akahisi linavyotetemeka, akajua ni yeye aliyelitia lile tetemeko mle ndani, kwa brashi.

Sasa kulikuwa na mwanamke anaitwa Mwamvita. Kazi yake ilikuwa kufagia Barabara ya Heshima kila asubuhi ili vumbi lisipande kwenye magari ya wakubwa. Aliifagia vizuri; hilo nalo limo katika kumbukumbu za Baraza la Mji. Miaka yote ya arobaini alizoea kuona shangingi likija, akamaliza kukusanya taka zake, akasogea pembeni, akasimama na ufagio. Alikuwa na kipimo chake cha macho: gari likiwa kwenye nguzo ya tatu ya umeme, bado ana nafasi ya kuinua kapu. Hakuna aliyemwambia kwamba uso wa saa umechorwa upya. Nani angemwambia?

Asubuhi ile Waziri hakuwa anawahi kikao. Alikuwa amesahau miwani nyumbani na anairudia. Gari lilipofika nguzo ya tatu, Mwamvita aliinama kuinua kapu.

Ndani ya gari, walisema baadaye, haikusikika sana. Mheshimiwa Pazi aliuliza kama bado wako wima. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Shomvi hakujibu. Alikuwa amesimamisha gari mbali sana kule mbele, ameshuka, na anakimbia kurudi nyuma.

Serikali ilishughulikia jambo hilo kwa utu. Kwanza ilimshtaki Mwamvita, kwa kuizuia Haraka ya Taifa, lakini mshtakiwa hakufika mahakamani. Halafu wafadhili wa ng'ambo, watu wanaopenda maswali, wakauliza ni nini kilichomuua. Gari lisingeweza kulaumiwa, kwani injini yake ilikuwa ya wafadhili wenyewe. Saa isingeweza, maana ndiyo sehemu pekee ya gari ambayo ni ya taifa. Waziri alikuwa nyuma. Akabaki Shomvi. Na kwa kuwa wizara ni ya Haraka, kesi ikapangwa kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Bi. Zamoyoni akaitwa kuwa shahidi wa serikali. Swali lilikuwa moja na alipelekewa mapema ajiandae: je, uso wa saa unaweza kumfanya mtu aongeze mwendo? Akijibu hauwezi, mumewe aliendesha mbio kwa utashi wake. Akijibu unaweza, atakuwa ametenda kosa la Kuinamisha Taifa, na kwa kosa hilo mtu huingia gerezani na jina lake huondolewa hata kwenye kaburi la wazazi wake.

Aliruhusiwa kumwona Shomvi kabla ya siku hiyo. Alimkuta amekaa sakafuni, amekonda, ndevu zimemtoka.

"Nitasema kweli," Zamoyoni alimwambia. "Nitawaambia amri ilivyokuja na mimi nilivyochora. Wakitufunga watufunge wote."

"Hapana."

"Shomvi, ni saa yangu ile!"

"Najua. Nisikilize." Alizungumza polepole, kama anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni. "Mimi nimeua mke wa mtu. Nilimwona uso, Zamo. Aliinua macho akaniona. Kwetu anayeua kwa bahati mbaya anatuma mtu wake, anakwenda peku, anakaa chini mlangoni kwa wafiwa, anaomba. Wakimsamehe wanampa maji anywe. Mimi sina mama, sina ndugu. Mtu wangu ni wewe tu. Ukifungwa na wewe, nani ataniendea?"

"Na wewe ukae humu miaka yote watakayokupa?"

"Miaka nitaiweza. Kuishi bila kusamehewa siwezi. Silali. Nikifumba macho naiona nguzo ya tatu." Akamshika mikono. "Sema saa ni pambo tu. Baki nje. Nenda kaniombee maji yale."

Zamoyoni alilia hadi askari akageuza uso. Hakukubali wala hakukataa, muda ukaisha.

Mahakama ilijaa. Mbele kabisa walikaa watu wa Wizara wakiwa na tai za rangi ya bendera. Nyuma, peke yake kwenye benchi, alikaa mume wa Mwamvita, fundi viatu mfupi anayeitwa Mbaruku, ameshika kofia yake magotini. Mwendesha mashtaka akauliza swali lake moja kwa madaha, kwa dakika nyingi, akipitia historia ya taifa.

Zamoyoni alimtazama mumewe kizimbani. Shomvi alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Saa ni pambo," alisema Bi. Zamoyoni.

"Sauti, mama. Mahakama isikie."

"Saa ya spidi ni pambo tu. Dereva ndiye anayekanyaga mafuta."

Watu wa Wizara wakapiga makofi, jaji akawakemea kwa tabasamu. Shomvi alihukumiwa miaka kumi na tano. Aliposikia aliinamisha kichwa, akapigwa faini ya ziada kwa hilo. Zamoyoni akatunukiwa Nishani ya Uso wa Taifa, daraja la pili.

Kesho yake alivua viatu nyumbani kwake akatembea peku hadi mtaa wa mafundi viatu. Jua lilikuwa kali na njia ni ndefu. Kwa Mbaruku mlango ulikuwa wazi, turubai la msiba bado limetandazwa uani. Zamoyoni akakaa chini mlangoni, miguu imekunjwa, macho chini.

Mbaruku alitoka.

"Umekuja kwa ajili ya mumeo," alisema.

"Nimekuja kwa ajili yake, kaka yangu. Ameniomba nije. Anaomba mumsamehe."

Mbaruku naye akakaa chini, ng'ambo ya kizingiti. Hakuwa mtu wa hasira, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Nikuambie kitu, dada. Nilikuwa nimeshamsamehe. Kabla ya kesi. Watu walikuja hapa msibani wakaniambia, usimchukie yule dereva, wanalazimishwa wale, kuna mshale umewekwa, usiposimama wanapigwa fimbo. Nikasema basi, ni mtumwa kama sisi. Nikaweka maji ndani, mtungini, nikasubiri aje mtu wake." Akakung'uta kofia isiyo na vumbi. "Halafu nikaja mahakamani nikasikia mke wake mwenyewe. Msomi. Aliyeitengeneza. Anaapa kwamba hakuna kilichomlazimisha."

"Kaka yangu," alisema Zamoyoni, "nilisema uongo. Mshale ndio uliomkimbiza. Nilichora mimi. Arobaini gari lingesimama. Mkeo angeinua kapu lake akasogea. Nakuapia."

Mbaruku alifikiri. Zamoyoni aliona anavyojitahidi kuamini, alivyolitaka hilo neno limwingie. Mkono wake uliinuka kidogo kuelekea ndani, mtungi ulipokuwa, ukashuka.

"Jana uliapa," alisema. "Leo unaapa. Nishike kipi, dada? Niambie wewe, mimi sijasoma. Jana serikali nzima ilikuwa pale na wewe ukasema vile. Leo tupo wawili tu, na wewe una mume wa kumtetea." Akasimama. "Ungesema jana ningekuletea maji hadi gerezani kwa mikono yangu. Nenda nyumbani. Jua kali."

Alirudisha mlango taratibu, bila kuubamiza.

Zamoyoni hakwenda nyumbani. Alitembea vile vile peku hadi gerezani, upande wa pili wa mji. Njiani yalimpita mashangingi mawili, na watu waliokuwa wakivuka walikimbia wakipiga mayowe. Alifika saa za kuona wafungwa zinakaribia kwisha. Shomvi aliletwa nyuma ya wavu. Alikuwa amevaa kijani cha wafungwa kilichompwaya, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakumwuliza hali. Aliushika wavu kwa vidole.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Peku?"

Zamoyoni alimwonyesha nyayo, zilizojaa vumbi na damu kidogo. Shomvi akazitazama.

"Walikupa maji?"

Nje ya ukuta honi ya mkubwa ilipita. Zamoyoni alisubiri ipite. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani, ulimi ulikuwa umegandia kwenye kaakaa, na midomo ilikuwa imepasuka. Lakini mle ndani mlikuwa na giza kidogo, na Shomvi alikuwa anamtazama macho tu.

"Walinipa," alisema.

"Ukanywa?"

"Nilikunywa, mume wangu. Nikamaliza yote."

Shomvi aliegemeza paji la uso kwenye wavu akalia kwa sauti, kama mtu aliyeshushiwa mzigo, akirudia jina la Mwamvita na kushukuru. Zamoyoni alipitisha vidole akamgusa nywele. Askari alipokuja kusema muda umekwisha, Shomvi alikuwa ameshasinzia pale pale, amesimama, na ikabidi ashikwe mkono kurudishwa ndani.